Mama Pamba na Ombi la Jumatano

Fundi wa magodoro anajua mambo ambayo hata daktari hayajui. Daktari huambiwa na mgonjwa, na mgonjwa hupunguza. Godoro halipunguzi kitu. Ukilifumua pembeni ukaianika pamba juani, utaona baba mwenye nyumba analalia upande gani, kama mkewe analala karibu naye au amejibanza ukutani, nani aliugua mwaka jana, na nani anakula biskuti kitandani ilhali mchana anajidai daktari amemkataza sukari. Kazi hiyo Mama Pamba aliifanya miaka thelathini na moja katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi barabarani, cherehani dirishani, vumbi la pamba kwenye nyusi. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye cheti tu.

Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusema godoro lipi limekutwa na nini. Si kwamba wambea hawakujaribu. Walikuja wakajifanya wanauliza habari za foronya, kisha wakainamisha kichwa: "Na lile godoro la bwana wa benki, ulilikutaje?"

"Lina pembe nne," alijibu Mama Pamba, akaendelea kushona.

Hicho kilikuwa kipaji chake cha kwanza, sindano na kimya chake. Kipaji cha pili kilikuwa ulimi, na hicho ndicho alichokipenda zaidi. Kila Jumatano alasiri akina mama wa kanisani walikutana nyumba kwa nyumba kwa maombi, na ikifika zamu ya Mama Pamba kuomba, wenye leso walizitoa mapema. Wenzake waliomba kwa kifupi: Bwana, mkumbuke dada yetu mgonjwa. Mama Pamba hakuwa mtu wa kifupi. Alimweleza Mungu ugonjwa ulianza siku gani, ulianzia goti lipi, jirani gani alikuja kutoa pole na gani alipita akijifanya hajaona. Ungedhani Mungu alikuwa safarini, ndiyo kwanza amerudi anataka habari. Akina mama walipenda sana. Usiwacheke, hata wewe ungesogeza kiti.

Hakuna aliyemwambia kwamba kile ambacho mkono wake ulikifunga siku sita, mdomo wake ulikifungua siku ya saba. Yeye mwenyewe aliona ni mambo mawili tofauti kabisa. Kule ni kazi, huku ni ibada.

Alikuwa na mtoto mmoja, fundi umeme, aliyeoa karani wa posta, na wawili hao walikuwa na mwezi wa nane hawaelewani. Kisa cha kwanza hakuna aliyekikumbuka vizuri. Ilikuwa kama nguo iliyoanza kufumuka pindo: kila mmoja akivuta uzi aoneshe kwamba hakuanza yeye. Mama Pamba alishakata shauri siku nyingi kwamba kosa lote ni la mkwe wake, maana mwanawe alimzaa mwenyewe na alimjua. Mkwe naye aliona mama huyu bado amembeba mwanawe mgongoni, na ndevu zake zote. Walisalimiana kwa heshima ambayo ingeweza kukata kioo.

Katikati yao alikuwepo mjukuu, msichana wa miaka kumi. Walimwita Chiriku, kwa sababu aliongea kama ndege wa jina hilo, kuanzia anapofumbua macho mpaka anapofumba. Kila Ijumaa baada ya shule alikuja kwa bibi yake, akaondoka Jumapili baada ya ibada. Alikaa juu ya marobota ya pamba akasimulia habari za shule nzima, na Mama Pamba aliweka pini mdomoni ili asicheke.

Jumamosi moja asubuhi bibi alimkuta Chiriku amechuchumaa kando ya kitanda, anasugua godoro kwa sketi yake ya shule. Haongei. Mama Pamba hakuhitaji kuuliza. Kama kuna mtu duniani aliyelijua doa lile, ni yeye.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu baba alipohamia kulala sebuleni." Mtoto hakuinua uso. "Nyumbani nafua mwenyewe kabla hawajaamka. Bibi, usimwambie mtu. Hata baba. Hata mama."

"Mdomo wangu nimeushona. Tena kwa uzi wa godoro, si wa shati."

"Apa."

"Sisi hatuapi, mjukuu wangu. Ndiyo yangu ni ndiyo."

Siku hiyohiyo alilifumua godoro lile. Akatoa pamba yote akaweka mpya, akatandika mpira mwembamba chini ya kitambaa, akashona juu yake kitambaa cha mistari ya buluu kama cha godoro lolote lile. Aliyelitazama asingejua kitu. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote, na hakuna aliyepaswa kuiona. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa kabla ya kulala, walipiga magoti wawili. Chiriku, msemaji wa darasa zima, mbele ya Mungu alikuwa na maneno machache: "Mungu, niamshe mapema. Amina." Mama Pamba aliona ombi hilo ni jembamba mno, akaliongezea nyama. Hata hivyo lilisikika. Ijumaa ya tano godoro lililala kavu, likaamka kavu. Ya sita vivyo hivyo. Bibi na mjukuu walicheza ngoma ya kimyakimya chumbani, miguu peku, mikono juu.

Kisha ikaja Jumatano.

Asubuhi yake mkwe alipiga simu. "Shikamoo Mama. Naomba nikuombe kitu kimoja. Usimuulize mtoto mambo ya ndani kwangu. Nyumba yangu naijua mimi."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. Mama Pamba alikata simu. Naijua mimi! Anaijua nini, wakati binti yake anaamka alfajiri kufua shuka kwa siri? Alishona siku nzima kwa hasira, mshono ukaenda upande, akafumua, akashona tena. Saa tisa alifunga mlango akaenda kwenye maombi nyumbani kwa mwenyekiti wa akina mama. Walikuwa kumi na mmoja, bila kumhesabu yeye.

"Nani ana haja?" mwenyekiti aliuliza.

Mama Pamba alisema ana haja, akafumba macho.

Hakutumia jina, hilo alilishikilia baadaye kama mtu anayeshikilia kamba iliyokwisha kukatika. Alisema "mjukuu wangu", kana kwamba alikuwa nao sita. "Baba," alisema, "mtazame mtoto huyu. Ana miaka kumi, analoanisha kitanda kama mtoto wa kunyonya, kwa sababu ya mama asiyejua kunyamaza mbele ya mumewe. Anaamka gizani, Baba, anafua shuka peke yake, na mama yake amelala!" Akina mama walivuta pumzi. "Ee Bwana," mmoja aliguna. Alipolisikia lile guno, Mama Pamba alizidi. Alitia shuka, akatia ndoo, akatia vidole vidogo vilivyokauka kwa sabuni. Kuhusu zile Ijumaa mbili kavu hakumweleza Mungu lolote, maana zingeidhoofisha kesi.

Amina yao siku ile ilitikisa vikombe kabatini. Muuza vitambaa, aliyemuuzia ile mistari ya buluu, alimshika mikono miwili: "Pole mwenzangu. Kumbe unabeba mzigo mzito hivi, na husemi." Mama Pamba alijifuta machozi, na yalikuwa machozi matamu. Alirudi nyumbani mwepesi. Hilo ndilo lililokuja kumchoma kuliko yote: kwamba alifurahi.

Usimwage mtama kwenye kuku wengi. Wahenga walisema, na Mama Pamba mwenyewe alikuwa hodari wa kuwakumbusha wengine.

Ijumaa alitandika kitanda akangoja. Saa kumi ilipita. Saa kumi na moja waliingia mwanawe na mkwe wake, pamoja, kwa mlango mmoja, jambo ambalo hakuwa ameliona mwaka huo. Moyo ulimruka kwa furaha, alidhani wamepatana.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nyumbani," mkwe alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, leo wakati wa mapumziko binti wa muuza vitambaa alimfuata mwanangu mbele ya wenzake. Hakumcheka. Alimshika bega akamwambia: Pole Chiriku, tunakuombea uache kukojoa kitandani. Kwao wanamwombea kila siku kabla ya kula. Waliocheka ni hao wengine."

Mama Pamba alitafuta kiti kwa mkono, hakukipata.

"Sisi wazazi wake hatukujua," fundi umeme alisema. "Tumelisikia kutoka shuleni."

"Nilikuwa naomba," mama yake alisema. "Mwanangu, nilikuwa naomba tu."

"Mama." Alisema hilo tu, polepole, kama anavyomwambia mteja aliyeshika waya asioujua.

Mkwe alikuwa ameshageukia mlango. Akasimama. "Unajua mtoto ameniuliza nini? Ameniuliza kama ni Mungu aliyewaambia."

Wakaondoka. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane wawili hao walikuwa wamekubaliana jambo: mtoto hatalala tena kwa bibi yake, mpaka atake mwenyewe. Na mtoto alikuwa amesema hataki.

Mama Pamba aliona aibu, na si ile ya kuonekana na watu, ambayo mtu huweza kuivalia khanga akapita. Hii ilikuwa ya kujiona mwenyewe. Lile swali la mtoto halikumtoka. Mtoto alikuwa na pahali pamoja tu pa kupeleka siri yake zaidi ya kwa bibi, na bibi alikuwa amempokonya hata hapo. Sasa mtoto alidhani Mungu naye ni mmbea.

Kwanza alifanya kama sisi sote, alitafuta wa kumtwika. Jumamosi alimfuata muuza vitambaa dukani, akasimama katikati ya majora, akamuuliza kwa nini ametangaza mambo ya watu.

"Mimi?" Muuza vitambaa aliweka mkasi chini. Hakuwa mtu mbaya, na hakukasirika. "Mama Pamba, uliyasema mbele yetu sote. Mimi nilimwambia binti yangu amwombee mwenzake. Kosa langu liko wapi?"

Mama Pamba alifungua mdomo. Lile neno "lina pembe nne" ndilo lililomjia, sijui kwa nini, akageuka akatoka.

Njiani alikutana na mwenyekiti, ambaye habari zilikuwa zimeshamfikia. "Usihuzunike," mwenyekiti alimpigapiga mgongo. "Jambo hili lote tutaliweka kwenye maombi Jumatano."

Jumatano alikwenda kabla ya wengine, akakaa karibu na mlango. Walipokusanyika, alisimama macho wazi. Hawakumzoea hivyo, baadhi walikuwa wameshafumba.

"Wiki iliyopita sikuwa naomba," alisema. "Nilikuwa namsengenya mke wa mwanangu, nimefumba macho. Nanyi mkaniitikia Amina. Nawaomba msiliombee tena jambo lile, wala msilitaje, hata kwenye nyumba zenu."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine, kwa kukosa la kusema, alisema Bwana asifiwe, na hakuna aliyeitikia. Mama Pamba alitamani kuongeza kwamba mtoto alikuwa ameshaanza kupona, angalau amsafishe kidogo mbele yao. Neno lilifika kwenye meno. Akajiuma ulimi, hilo nalo halikuwa lake kulitoa.

Kilichobaki kilikuwa nyumbani kwa mwanawe. Jumamosi asubuhi alitaka kumpelekea Chiriku lile godoro la mistari ya buluu, liwe lake moja kwa moja. Alikuwa ameshalikunja, ameshalifunga kamba, ameshamwita mwenye mkokoteni, ndipo akaona. Fundi wa magodoro, mkokoteni, godoro la mtoto, mtaa mzima milangoni. Angekuwa ametangaza mara ya pili. Alimwomba radhi mwenye mkokoteni, akalifungua godoro, akalirudisha kitandani. Akaenda mikono mitupu, na miaka yote hiyo hakuwahi kwenda kwa mwanawe mikono mitupu.

Mkwe ndiye aliyefungua. Hakumkaribisha ndani, wala hakufunga mlango.

"Sikuja kumwona mume wako," Mama Pamba alisema. "Nimekuja kwako. Siku ile nilikusema kwa watu. Nilisema umelala wakati mwanao anafua. Nilijua hujui, nikasema hivyohivyo, kwa sababu ulinikasirisha asubuhi."

"Mama, sitakudanganya. Bado nina hasira na wewe. Lakini msamaha wa kwanza si wangu." Akageuza kichwa ndani. "Njoo, bibi yako amekuja."

Chiriku alikuja akasimama nyuma ya mama yake, mkono kwenye fremu ya mlango. "Shikamoo Bibi," alisema, kama anavyomwamkia mtu wa kanisani.

"Marahaba." Mama Pamba alipiga magoti palepale barazani. Magoti yalilia kwa sauti. Siku nyingine Chiriku angecheka. "Nilikuahidi nitanyamaza, nikasema. Nimekukosea, mjukuu wangu. Naomba unisamehe."

Mtoto alifikiri. "Ulikuwa unamwambia Mungu, au ulikuwa unawaambia wao?"

"Wao." Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyopata kutoa maishani.

"Si Mungu alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua. Hakumwambia mtu. Ni mimi."

Chiriku alilipokea hilo, akaliweka mahali fulani moyoni mwake, ilionekana usoni. Kisha akasema, bila hasira, na hapo ndipo bibi alipoumia: "Basi usiniombee tena."

"Hata moyoni?"

"Sijui. Nitafikiria." Akarudi ndani.

Mama Pamba alijaribu kuinuka, goti likakataa. Mkwe alimtazama kidogo, kisha akamnyooshea mkono.

Zilifuata wiki tatu. Jumatano ya kwanza mwenyekiti alisahau, au hakusahau, akauliza kwa upole: "Na mjukuu wetu?" Macho ya akina mama wote kumi na mmoja yalikuwa yamefumba, masikio yamefumbuka. Mama Pamba aliisikia ile hamu chumbani, hamu aliyoilisha kwa mkono wake miaka mingi.

"Hajambo," alisema.

Wakangoja. Hakuongeza. Ilisemwa baadaye kwamba Mama Pamba amepoa kiroho, na wenye leso walizirudisha mikobani. Nyumbani Ijumaa alipiga magoti kando ya kile kitanda kitupu, akakaa tu. Alikuwa amekatazwa, na ruhusa haijaja. Mwanamke aliyeweza kuomba robo saa kwa ajili ya goti la jirani hakuweza kumtaja mjukuu wake mbele ya Mungu, na aliyemfunga mdomo hakuwa shetani. Alilaza kiganja juu ya mistari ya buluu, kisha aliona hata hilo huenda ni kuomba, akakiondoa.

Ijumaa ya nne alikuwa anakung'uta pamba alipomwona mkwe wake amesimama kwenye kona ya barabara. Mkwe aliinua mkono, si juu sana, akageuka. Chiriku alivuka peke yake, mkoba mgongoni.

Hakukaa juu ya marobota. Alikaa kwenye kiti, akafanya kazi ya shule, akajibu alichoulizwa. Mama Pamba hakuuliza kuhusu nyumbani, wala kuhusu shule, wala kuhusu lile jambo lenyewe. Jioni ile ilikuwa ndefu. Walikula. Mtoto alioga, akavaa nguo za kulala, akabonyeza godoro kwa vidole viwili kuhakikisha mpira bado upo.

"Nimefikiria," alisema. "Moyoni sawa. Lakini nitakuwa nakuangalia mdomo."

Walipiga magoti. Mama Pamba alifumba macho, na maneno yote ya wiki tatu yalikuja kwa pamoja, mazuri, marefu, yaliyochambuliwa kama pamba ya daraja la kwanza. Aliyabana. Alifumbua jicho moja kidogo. Chiriku alikuwa ameyatoa macho yote mawili, ameyakaza kwenye midomo ya bibi yake kama mlinzi wa geti. Mama Pamba alilifumba jicho haraka. Alikuwa analindwa ndani ya nyumba yake kama mtu aliyewahi kuiba, na alikuwa amewahi. Uso ulimwaka. Aliuacha uwake.

"Bibi."

"Naam."

"Mdomo umetikisika."

"Nilikuwa nameza mate, mama."

Chiriku alilipima hilo. "Anza upya," alisema.

Mama Pamba akaanza upya.